Milango Miwili

Kazi yangu ni kupokea magari ya watu.
Miaka mitatu, Kilindini, kalamu sikioni,
nikiandika namba za chesi zisizo zangu:
kioo kimepasuka, redio imeng'olewa,
jeki haimo. Sahihi. Lete jingine.

Kisha likashuka langu.

Jekundu, lakini si jekundu la bendera;
jekundu la achari ya embe iliyosahauliwa juani.
Milango miwili. Limeinama
kama mtu anayetegea siri.
Nikalikagua vile ninavyokagua ya wenzangu,
mkono unatetemeka, nikaandika:
mkwaruzo mdogo, ubavu wa kushoto.
Hata kwa langu sikudanganya.

Bwana wa bima alitazama kitambulisho,
akanitazama mimi, akarudi kwenye kitambulisho.
"Ishirini na mitatu," akasema,
kama daktari asomaye kipimo cha homa,
akapandisha bei kwa elfu thelathini.
"Tena ni gari la michezo."
"Michezo gani?" nikamuuliza.
Hakucheka.

Tunakaa Shika Adabu, ng'ambo ya Likoni.
Jina la mtaa pekee lilitosha kuwa onyo.
Mwanasiti jirani alilizunguka mara mbili,
akahesabu viti kwa kidole.
"Viwili! Sasa mume atakaa wapi?
Na watoto? Na mkungu wa ndizi?"
Kaka yangu Shekue aliingia, akatoka anachechemea,
akasema gari hili halipandwi,
linavaliwa.

Lilikuja na sauti yake. Kila nikiliwasha
mwanamke wa Kijapani husema neno refu, la upole.
Fundi alinieleza: analalamika kuna kadi haipo.
Bibi hayo hayamhusu.
Bibi humwitikia, "Marahaba, mwanangu,"
ndipo afunge mkanda.

Kivukoni, pale bamba la chuma linapokutana na saruji,
tumbo likakwaruza. Mlio ule niliusikia kwenye meno.
Feri nzima iligeuka. Mwenye mkokoteni wa maji
akapaza sauti: "Dada, pandisha kanzu!"

Mita imeandikwa mia na themanini.
Wiki sita, mshale haukuvuka hamsini.
Tuta la shule, tuta la msikiti, tuta la dukani kwa Badi,
tuta lisilo na sababu,
lililomwagwa usiku na vijana wa kona.
Punda alinipita. Wallahi, punda,
tena ana mzigo.
Nililipia mbio, nikapewa subira.

Ijumaa moja, baada ya alfajiri,
Bibi alikuja na buibui lake na harufu ya asumini.
"Nipeleke nikaione hiyo barabara ya Dongo Kundu."

Lami nyeusi, mikoko huku na huku,
daraja limenyooka, maji chini yamelala.
Hakuna mtu. Hakuna tuta.
Nikakanyaga.

Themanini. Mia.
Kengele ndogo ikaanza kulia ndani ya mita,
ting, ting,
kama ya muuza aiskrimu aliyepotea njia.
Bibi kashika buibui kwa mikono miwili.
Mia na ishirini, na kiti kinanisukuma mgongoni
kama mkono wa mtu anayeniamini kupita kiasi.
Ndipo akanijia Twaha, wa nyumba ya tatu,
na pikipiki yake mpya,
na kile kiatu kimoja kilicholala barabarani siku mbili
kwa sababu hakuna aliyethubutu kukiokota.

Nikauondoa mguu.
Kengele ikanyamaza.
Tukaenda hivyo, pole, mpaka daraja likaisha.

"Mbona umeacha?" Bibi akauliza,
uso ameuelekeza kwenye mikoko.
"Niliogopa."
Akatafakari. Akajitandia buibui upya, taratibu,
kama yuko kwenye mkeka wake nyumbani.
"Haya, geuza turudi pale mwanzo.
Nenda upendavyo, pole au mbio, lako hilo.
Ila safari hii niambie mapema,
nifumbue macho."